Bandarini au Msituni

Juni 8, Jumatatu. Manyunyu tangu asubuhi.

Mvua za Juni zimetangazwa rasmi leo, na Bibi Nagao hakungoja hata zikolee. Alinipigia simu dukani kwa dobi nikiwa nimeshika suruali ya mteja, akaniamuru ninunue daftari. Kijarida chetu sisi mashabiki cha kiangazi mwaka huu kitajibu swali moja tu: kati ya bustani mbili za michezo za Kampuni, Msituni na Bandarini, ipi inafaa zaidi kwenye mvua? Yeye ataandika upande wa Msituni, mimi upande wa Bandarini. Kila siku ya mapumziko twende, tupime, tuandike.

“Usiniletee mapenzi, Chizuru,” alisema. “Niletee dakika. Foleni dakika ngapi, paa linafika wapi, viatu vinakauka baada ya muda gani.”

Lakini mapenzi ninayo, nifanyeje. Msituni ni bustani ya zamani, na watu wanaipenda kama wanavyompenda shangazi mkubwa, kwa heshima na kwa uvumilivu. Bandarini ilijengwa baadaye, upande wa pili wa ukuta, na aliyeijenga alikuwa ameshajifunza kutokana na makosa. Vichochoro vina paa. Bisi zina ladha ya mchuzi wa soya. Miaka kumi na tisa sasa mimi ni mtu wa Bandarini. Watu wa Msituni husema tuna maringo. Tunayo, na sababu tunazo.

Juni 9, Jumanne. Mvua.

Nimekwenda na mama, yaani mama yake mume wangu. Jina lake Kinuyo, ana miaka themanini na tatu. Tangu avunjike nyonga vuli iliyopita anakaa kwenye kiti cha magurudumu na ana kitambulisho cha ulemavu. Mwenye kitambulisho hiki hasimami foleni. Anafika mlangoni pa mchezo wa kupanda, mfanyakazi anampa kikaratasi chenye saa, anakwenda kupumzika anapotaka, na saa ikifika anaingizwa kwa mlango wa pembeni yeye na aliyemsindikiza. Asipotaka kupanda, anamsubiri mwenzake kwenye benchi pale pa kutokea.

Leo foleni ya mchezo wa Nyambizi ilikuwa dakika mia na kumi. Nimepanda mara mbili. Mnara wa Taa dakika tisini, nimepanda mara mbili pia. Mama alikaa kwenye benchi, blanketi magotini. Kwenye daftari nimeandika dakika zilizokuwa kwenye ubao, si zetu. Si uongo. Ubao ni ubao.

Nilipowapitia wenzangu wa mkekani, tunaotandika safu ya mbele kungoja maonyesho pale bandarini, Bibi Nagao, aliyekuwa amevuka kutoka Msituni kuja kukaa nasi, alimwinamia mama mpaka kofia ya koti la mvua ikamwangukia usoni. “Una bahati, bibi,” alimwambia. “Mkwe kama huyu siku hizi hayupo. Wangu hata chai ananipa kwa kunirushia.”

Mama akacheka. “Bahati ninayo, ndiyo.”

Nami nikatabasamu. Uso ulinichoma kidogo, nikasingizia kofia.

Juni 11, Alhamisi. Mvua kubwa.

Nyambizi mara tatu. Paa la kichochoro cha wavuvi linavuja karibu na choo. Nimeliandika, haki ni haki.

Juni 14, Jumapili. Mawingu.

Nyumba ya wazee ya kule ng'ambo ya mto imepiga simu. Chumba kimepatikana. Tuliomba wakati wa majira ya baridi, tukawa tumeshasahau. Wanataka jibu kabla ya Julai 14, lenye mhuri wa jina la mama mwenyewe.

Mume wangu, Norihide, aliweka vijiti vyake vya kulia chini akasubiri mimi niseme. Ndivyo alivyo, mambo ya mama yake anasubiri niseme mimi. Kumwogesha, kumgeuza, kumpeleka choo alfajiri, vyote viko juu yangu, na mtu yeyote angenielewa kama ningesema sasa basi, nimechoka.

Badala yake nilimgeukia mama nikasema: “Baki nasi, mama. Hapa ni kwako. Bila wewe nyumba itapwaya.”

Norihide akainamisha kichwa. Alikuwa anataka kulia, mtu mzima yule. “Wewe una moyo,” akaniambia baadaye jikoni. “Mimi mwanawe nisingeweza.”

Mama alinitazama, kisha akaomba aongezewe figili.

Naandika hili kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Niliposema “baki nasi”, kichwani mwangu palikuwa na ile foleni ya dakika mia na kumi.

Juni 16, Jumanne. Mvua.

Njiani kwenda kituoni mama aliuliza: “Hivi Msituni bado wana ile Treni ya Mgodini?”

“Wanayo, mama, lakini imechakaa.”

“Na sisi je?”

Nilicheka, nikamsukuma Bandarini. Tiketi yangu ya mwaka inaingia kote kote. Sikuwa na sababu ya kumpa, isipokuwa kwamba Msituni ni kazi ya Bibi Nagao.

Juni 18, Alhamisi. Mvua. Mnara wa Taa mara tatu, Nyambizi mara mbili. Rekodi yangu.

Juni 23, Jumanne. Mvua ya upepo.

Mama aliamka na kikohozi. Alisema leo angependa kulala. Nilimwambia hewa ya bahari itamfungua kifua, na kwamba Bandarini kumeezekwa kila mahali, si kama Msituni. Nilisema hivyo kwa sauti ile ninayowatolea wateja wakilalamikia doa ambalo nalijua halitoki.

“Haya,” akasema. “Nivalishe.”

Mfanyakazi wa mlango wa Nyambizi sasa anatujua. Ni mwanamke wa makamo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, kwenye kibandiko chake pameandikwa Igarashi. Aliponipa kikaratasi alisema, “Mnapendana kweli. Kila wiki mnakuja.” Nilimshukuru. Kikaratasi kile nilikipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na mikono yote miwili ilinisuta.

Juni 25, Alhamisi. Mvua. Sikwenda. Mama ana homa kidogo. Nilimpikia uji wa wali wenye tunda chachu, akaumaliza. Nilikuwa natazama saa.

Juni 30, Jumanne. Mvua.

Homa imeisha, tumekwenda. Bibi Nagao amesoma rasimu yangu akiwa amekaa mkekani, mkoba juu ya magoti usilowe. Alipofika pale nilipoandika kwamba nimepanda Nyambizi mara kumi na nne tangu mvua zianze, akavua miwani.

“Mara kumi na nne! Na unamlea mgonjwa! Chizuru, wewe umeumbwa kwa chuma. Mimi Msituni nimepanda treni mara tatu tu, na kisigino kinanililia.”

Hapo ndipo ningemwambia. Ni mlango ulionifungukia wenyewe. Jirani wa mkeka wa pembeni akawa anatugawia peremende kwenye vifuko vidogo alivyofunga kwa utepe, kama tufanyavyo tunaokaa safu ya mbele. Nikapokea, nikainama, nikaanza kusifia utepe.

Julai 2, Alhamisi. Mvua. Nyambizi mara mbili tu. 

Julai 7, Jumanne. Mvua, ikakatika, ikarudi.

Nimeanza ukurasa huu mara tatu. Nitaandika kwa mpangilio, kwa dakika, kama Bibi Nagao anavyotaka.

Leo ni Sikukuu ya Nyota. Bandarini hufanya onyesho la maji la siku hii tu, mara moja kwa mwaka, saa nane mchana. Wanaokaa kwenye viti vya magurudumu wana sehemu yao nzuri, imeinuliwa kidogo, na kila mmoja anaruhusiwa mtu mmoja wa kukaa naye. Ningeweza kukaa pale na mama. Lakini pale ni pembeni, na mashua ya mwisho huonekana mgongo. Bibi Nagao alikuwa ametandika mkeka safu ya kwanza, katikati kabisa, tangu milango ilipofunguliwa.

Saa saba na nusu nilimweka mama chini ya paa la kichochoro cha wavuvi, mbali na pale panapovuja. Nilifunga breki za kiti. Nilimwambia: “Saa moja haifiki, mama. Narudi sasa hivi.”

“Nenda,” akasema. “Mimi nitatazama watu.”

Mkekani Bibi Nagao aliuliza, “Bibi yuko wapi leo?”

“Yuko na Norihide,” nikasema. Norihide alikuwa kazini. Ulitoka wenyewe ule uongo, ukiwa umeshavaa viatu.

Saa nane kasoro dakika tano mvua ikaja kama ndoo. Wakatangaza onyesho limeahirishwa kidogo kwa usalama, tuliokaa tuendelee kukaa. Sheria ya mkeka ni kwamba onyesho likisimamishwa, wanafunga kamba. Ukitoka hurudi. Kila mtu wa safu ya mbele anaijua sheria hii kuliko namba yake ya simu.

Saa nane na nusu wakatangaza tena. Saa tisa wakatangaza tena. Kila wakitangaza nilijiambia wataanza sasa, na nikiondoka nitakuwa nimekaa bure. Kadiri nilivyokaa ndivyo ilivyozidi kuwa ghali kuondoka. Bibi Nagao alinipa nusu ya tonge lake la wali, lenye samaki ndani, nikala. Naandika kwamba nilikula.

Saa tisa na dakika arobaini wakaanza. Lilikuwa onyesho zuri kuliko yote niliyoyaona kwa miaka kumi na tisa. Nalo naliandika.

Nilifika kichochoroni saa kumi na dakika tano. Kiti hakikuwepo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki na kuzungushiwa vibao vya manjano.

Nilikimbia, na kukimbia Bandarini hakuruhusiwi, mpaka Bi Igarashi wa mlango wa Nyambizi akanikamata mkono. Alinipeleka kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Mama alikuwa kitandani, amevishwa suruali ya bustani, ile yenye picha za samaki ambayo huwapa watoto waliolowa, ya saizi kubwa. Nguo zake zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Hazikuwa zimelowa kwa mvua.

Alikuwa ameita wapita njia mara mbili, aliniambia baadaye, kisha akaona haya. Watu walidhani anawapungia mkono, wakampungia.

“Bibi ametueleza,” Bi Igarashi alisema. “Kwamba ulikuwa umetoka dakika hiyo hiyo kumnunulia chai ya moto, na mvua ikakuzuia.”

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama dari.

Kisha Bi Igarashi akafanya jambo ambalo sitalisahau hata nikizikwa. Alisimama wima mbele yangu, akaweka viganja mapajani, akainama chini kabisa, akabaki huko. “Tunaomba radhi sana. Tulichelewa kumwona. Tumewatia uchungu, wewe na mama.”

Aliniomba radhi mimi. Nilisimama hapo, koti langu la mvua likidondosha maji kwenye sakafu yake, nikasema, “Hapana, hapana, ni sisi tuliowasumbua.” Sisi! Hata hapo sikuweza kusema mimi.

Ndani ya treni mama alishika ule mfuko mapajani, hakutaka nimshikie. Norihide alipouliza suruali ya samaki imetoka wapi, mama akamwambia ni zawadi ya sikukuu.

Julai 8. Mvua.

Julai 9, Alhamisi. Mvua. Siku ya mapumziko. Sikwenda. Nilifua.

Julai 10, Ijumaa. Mawingu.

Bibi Nagao amepiga simu kuuliza sura yangu iko wapi. Nilimwambia siandiki tena. Akauliza mbona, nikamwambia yote, kuanzia kikaratasi cha kwanza, nikiwa nimesimama nyuma ya makoti ya wateja ili mwenye duka asinione.

“Uliniambia yuko na mumeo,” Bibi Nagao akasema. “Nilikupa nusu ya chakula changu.”

“Ndiyo.”

“Mimi nami nina mkwe, Chizuru. Nimekuwa nikimtolea mfano wako.”

Akakata simu. Sikumlaumu.

Julai 12, Jumapili. Jua la kwanza.

Asubuhi mama alisema anataka kwenda Msituni. Hakuuliza, alisema. Nikampigia mwenye duka kwamba siendi kazini.

Tulikwenda moja kwa moja mpaka Treni ya Mgodini. Ubao ulisema dakika tisini na tano. Mfanyakazi alipotuona akaanza kuandika kikaratasi, mama akamzuia.

“Leo nataka foleni, mwanangu.”

“Bibi, ni ndefu, na jua limetoka.”

“Nimeiona. Ndiyo niliyoijia.”

Foleni ya Msituni ni pana, inapita kwenye kivuli cha misonobari. Kiti kinapita bila tabu. Sikuwa najua. Tulisogea hatua tatu, tukasimama. Hatua nne, tukasimama. Mama akaanza kuzungumza bila kugeuka, kwa hiyo nilikuwa nasikia sauti na kuona kisogo tu.

“Mwaka walipofungua hapa tulikuja, mimi na baba yake Norihide. Tulisimama saa tatu. Mtoto alilala mgongoni kwa baba yake. Unamkumbuka baba mkwe wako? Alikuwa anachomelea meli, akirudi anasema ‘chakula’, akimaliza anasema ‘kuoga’, akioga anasema ‘kulala’. Basi. Siku ile hakuwa na pa kwenda. Mbele watu, nyuma watu. Akaanza kusema. Alinieleza kwao, mama yake, mbwa aliyekuwa naye, jinsi anavyoogopa moto. Mtu anachomelea meli anaogopa moto! Ndoa ya miaka arobaini, na mimi nilimsikia kwa saa tatu.”

Tukasogea.

“Ninyi mnagombana ipi nzuri. Kule kwenu nimepita milango ya pembeni tu, sikumsikia mtu. Mimi nasema hii.”

Nilisimama nyuma yake nimeshika vishikio. Mbele watu, nyuma watu. Nikasema. Nilisema kwamba nilimtumia. Kwamba tangu vuli sikumtoa nyumbani hata siku moja kwa ajili yake. Kwamba siku ile ya tarehe saba nilikuwa nimekaa mita mia mbili kutoka kwake, nakula tonge la wali, na niliweza kuondoka wakati wowote. Msichana wa mbele yetu aliacha kutazama simu yake, akawa anatazama viatu. Nilisema hata hivyo.

“Najua,” mama akasema. “Blanketi ulikuwa unaniwekea kabla ya kufika mlangoni pa mchezo. Nyumbani hukuwahi kuniwekea.”

Sikujua kama nilikuwa nafanya hivyo. Wallahi sikujua.

“Na ulikubali kuja,” nikasema.

“Ningekaa wapi? Nilikuwa nimeshakuwa mzigo wa kugeuzwa na kupanguswa. Nikaona, walau kuna mahali huyu mtoto ananihitaji.” Akakohoa kidogo. “Mpaka ile Sikukuu ya Nyota. Pale niliona kumbe hata huko hunihitaji.”

Nilizunguka nikaja mbele ya kiti, nikachuchumaa katikati ya foleni, watu wote wakiona. Machozi yalikuwa yananitoka na pua pia. Nilimwambia: “Baki nasi, mama. Hapa ni... kule nyumbani ni kwako.” Nilikuwa namaanisha kila neno. Sijawahi kumaanisha kitu hivyo.

Alinipangusa pua kwa leso yake, kwa nguvu, kama mtoto.

“Ulisema hivyo hivyo mwezi uliopita,” akasema. “Kwa sauti hiyo hiyo. Mimi mzee, Chizuru, siwezi kuzitofautisha.”

Watu wa nyuma walikuwa wanasubiri tusogee. Nikarudi nyuma, nikasukuma. Tulipofika mbele mama alisema hapandi, nyonga yake haiwezi. Tukatokea kwa mlango wa pembeni.

Julai 14, Jumanne. Jua kali. Wametangaza mvua zimekwisha.

Leo mama ameamua. Norihide alimuuliza mara tatu kama ana hakika. Akasema ana hakika, huko kuna wanawake wa rika lake na bafu lenye maji ya chemchemi. Norihide akanitazama, akisubiri niseme. Safari hii sikuwa na la kusema ambalo sikuwa nimeshalitumia.

Mkono wa mama unatetemeka, kwa hiyo fomu nimeijaza mimi, yeye akinisomea majibu. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Dawa. Vyakula asivyopenda. Ukurasa wa pili kuna mistari mitano mitupu, juu yake pameandikwa: Eleza maisha yako nyumbani na sababu ya kuhamia kwetu.

Mama alifikiri kidogo. Norihide alikuwa amekaa hapo hapo, mkono begani kwa mama yake.

“Andika,” mama akasema. “Mkwe wangu amenitunza vizuri. Alinitembeza kila wiki, jua na mvua. Nahamia kwa hiari yangu ili naye apumzike.”

Nilimtazama. Hakuwa ananikejeli. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka fomu iishe ale.

“Umesikia? Jua na mvua,” Norihide akaniambia.

Nikaandika. Nina mwandiko mzuri, wateja hunisifia kwenye vibandiko vya nguo. Mama akapiga mhuri wake, kisha akavaa miwani, akapitia mstari kwa mstari kwa kidole. Akasimama kwenye mstari wa kwanza.

“Hapa kwenye ‘vizuri’ wino umefifia,” akasema. “Pitisha tena.”

Nikapitisha tena.